Kisuba, Kijaluo na Mlango wa Shule

Kufifia kwa lugha mara nyingi hudhaniwa kuwa tunda la vita. Historia ya Kisuba, lugha ya Kibantu ya ukanda wa Ziwa Viktoria, yaonyesha njia nyingine. Wasuba wa Homa Bay na Migori waliishi na Wajaluo kwa ujirani, uvuvi na ndoa. Mama Mjaluo aliingia na lugha yake nyumbani, na mtoto aliyekulia katika lugha mbili akawa mkalimani wa koo zote mbili. Uwili huo peke yake haukuiua lugha.

Mizani ilielemea upande mmoja baada ya mwaka 1906, Arthur Carscallen na Peter Nyambo walipoanzisha misheni ya Waadventista huko Gendia. Kijaluo ndicho kilichopata sarufi, mtambo wa chapa na vitabu. Msuba aliyetaka elimu akalazimika kusoma kwa Kijaluo. Huko Suna, Migori, Kisuba kilimezwa. Kisiwani Mfangano kilidumu zaidi.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yaitaka dola iendeleze lugha za kiasili. Agano Jipya limekwisha kutafsiriwa kwa Kisuba, na redio ya Mfangano imekitumia. Lakini agizo la kufundisha madarasa ya mwanzo kwa lugha ya eneo laweza kutimizwa kwa Kijaluo pekee. Madhali Kisuba kilitolewa kwa mlango wa shule, hakiwezi kurejea kwa dirisha.