Mti, Ubao na Sahani ya Santuri: Nafasi ya Nyenzo katika Historia ya Sanaa Zetu



Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuhusu wimbo mmoja wa taarabu wa zama za sahani za santuri. Mwanafunzi alikuwa na matini ya wimbo huo iliyonakiliwa na kupigwa chapa. Nami nilikuwa na matini hiyo hiyo mezani pangu. Kila ubeti ulifuatwa na kiitikio, isipokuwa ule wa mwisho. Mwanafunzi akajenga hoja ndefu, tena nzuri, kwamba ukimya ule ni ishara ya huzuni: waitikiaji wamemwacha msemaji peke yake na msiba wake. Nilimpa alama za juu. Baadaye nilipata nafasi ya kuusikiliza wimbo wenyewe. Nikasikia wapigaji wakiharakisha mwendo tangu ubeti wa tatu, fidla ikiruka kipande chake cha kati, na mwimbaji akitamka neno la mwisho karibu sawia na sindano kufika mwisho wa mfuo. Kiitikio hakikuachwa kwa sababu ya huzuni. Nafasi ilikuwa imekwisha.

Kosa lile lilikuwa langu kuliko lake, kwa maana mimi ndiye niliyemfundisha kusoma wimbo kana kwamba ulizaliwa juu ya karatasi. Mhadhara huu umetokana na kosa hilo. Nitajaribu kuonyesha kuwa katika historia ya sanaa za Afrika Mashariki, kitu ambacho sanaa imetengenezwa nacho, na namna kinavyokubali au kukataa kutengenezwa, kimeamua mambo mengi ambayo sisi wasomi wa lugha na fasihi tumezoea kuyahesabu kuwa ni maana, falsafa, au desturi ya kale.

Neno tulilo nalo kwa kitu hicho ni *nyenzo*. Siku hizi limechakaa kwa kutumiwa katika mipango ya maendeleo na ripoti za warsha, hata tumesahau lilikotoka. Wenzo ni mti: mti wa kuinulia kitu kizito, au gogo la kuwekwa chini ya chombo kinapokokotwa kutoka mchangani kwenda majini. Aliyewahi kuona jahazi likishushwa pwani anajua kuwa magogo yale hayabebi tu. Yakipangwa upande, chombo huenda upande. Wavutaji huimba na kuvuta, lakini njia wamekwisha kupangiwa. Katika mhadhara huu nalitumia neno nyenzo kwa maana hiyo ya zamani.

Kabla ya kurudi kwenye santuri, tuanze mahali ambapo nyenzo inaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono, yaani kwenye kinyago cha Kimakonde. Wanafunzi wengi huandika kuwa uchongaji wa mpingo ni sanaa ya Wamakonde ya tangu na tangu. Wamakonde ni wachongaji wa tangu zamani, hilo halina ubishi. Lakini mti si ule ule. Kinyago kinachovaliwa kichwani katika ngoma ya mapiko, inayohusiana na jando na unyago, huchongwa kwa mti mwepesi. Sababu yake si ngumu kuiona. Mchezaji hukivaa, hukimbia nacho, huruka na kutikisa kichwa. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini badala ya kuelea. Mtu aliyevalishwa kofia ya mpingo hataweza kucheza. Atafanya kazi ya kubeba mzigo.

Mpingo ulishika nafasi kubwa pale kinyago kilipoacha kuchezwa na kuanza kusimama. Katika karne ya 20 Wamakonde wengi kutoka nyanda za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, walivuka mto Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na baadhi yao wakaishia Dar es Salaam, ambako walikuwapo wanunuzi wa vinyago vya kuwekwa mezani na sebuleni. Kinyago cha sebuleni hakina haja ya wepesi. Kinahitaji kudumu, kung'aa na kuvumilia safari ya meli. Uzito uliokuwa kasoro kwenye ngoma ukawa sifa sokoni.

Basi mti huo ukaanza kutoa masharti yake. Mpingo hukua polepole, shina lake huwa jembamba, mara nyingi limepinda au limepasuka ndani, na chini ya gome lina mbao nyeupe inayouzunguka moyo mweusi. Mchongaji hawezi kuupa umbo lolote atakalo. Inasimuliwa kuwa Samaki Likankoa, ambaye mtindo wa *shetani* huhusishwa naye tangu miaka ya 1950, alivunjikiwa na kinyago akakitupa, na kwamba Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago, ndiye aliyekiona kile kilichovunjika na kumhimiza aendelee kwa njia hiyo. Iwe kisa kilitokea hivyo hivyo au kimepambwa na wasimulizi, kinatufaa, kwa sababu kinaweka mwanzo wa mtindo kwenye mpasuko wa mti, wakati sisi tumekuwa tukiutafuta mwanzo huo kwenye itikadi za mizimu peke yake.

Mfano wa *ujamaa* ni mkali zaidi. Nguzo ya watu waliopandana, mmoja ameshika bega la mwenziwe, imefasiriwa katika vitabu vyetu kama taswira ya siasa ya Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lakini umbo hilo lilikuwapo kabla ya Azimio. Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa alilichonga mwishoni mwa miaka ya 1950, akionyesha mshindi wa mieleka aliyeinuliwa na wenzake, nalo liliitwa *dimoongo*. Jina la ujamaa lilikuja baadaye, likaikuta nguzo imesimama. Na nguzo ni nini, ila shina la mti lililobaki kuwa shina? Sisemi kuwa maana ya kisiasa ni ya uongo. Maana inayokuja baadaye ni maana pia, na wachongaji wenyewe waliipokea. Nasema kuwa anayeanza na siasa huanza hadithi katikati.

Juu ya uchoraji wa Tingatinga nitasema machache tu, maana hapo jambo liko wazi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968 na akafa mwaka 1972. Alichora kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya ubao mwembamba wa dari. Ubao wa futi 4 kwa 8 ukikatwa bila kupoteza kitu hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, na hicho ndicho kipimo cha mraba tunachokiona katika picha nyingi za mwanzo. Rangi ile haichanganyiki kwa upole kama rangi za maji: hupakwa tabaka moja, hungojwa ikauke, ndipo lije tabaka jingine. Hivyo usuli ni wa rangi moja, mnyama ana kingo kali, na madoa hupigwa mwishoni. Wataalamu wameandika mengi kuhusu "mtazamo wa Kiafrika usiojali kina". Mimi ningependa kwanza waulize bei ya kopo la rangi. Siku hizi wachoraji wengi hutumia kitambaa, kwa kuwa mgeni hukikunja akakitia kwenye begi, na umbo la mraba limelegea.

Sasa nirudi kwenye santuri. Ubao hukata nafasi. Sahani hukata muda, na aliye msomaji wa tenzi na mashairi anapaswa kuijali mipaka ya muda kama anavyoijali mizani.

Mwezi Machi mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Maisha yake tunayajua hasa kwa kalamu ya Shaaban Robert, aliyeandika *Wasifu wa Siti Binti Saad*. Taarabu ilikuwa imekwisha kukaa Unguja kwa miongo kadhaa: katika masimulizi ya wenyewe, Sultan Barghash alimpeleka Mohammed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na chama cha Akhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Nyimbo za mabwana hao zilikuwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, naye hakujua kusoma. Nyimbo alizihifadhi kichwani.

Bahati ilikuwa upande wake kwa jambo moja la ufundi ambalo hatulitaji. Hadi kufikia mwaka 1925 kurekodi kulifanywa kwa kuimba ndani ya pembe kubwa, na sauti laini ilipotea. Mwaka huo ndipo kampuni kubwa zilipoanza kutumia maikrofoni. Laiti safari ya Bombay ingefanyika miaka mitano mapema, pumzi na mikato ya sauti tunayoisikia leo isingetufikia.

Sahani yenyewe ilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye utomvu wa wadudu wa India, jamaa wa ile lakiri tuliyopigia muhuri barua. Ilikuwa ngumu, nzito, na ikianguka huvunjika kama sahani ya chakula. Sahani ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, huchukua dakika 3 na kidogo kila upande. Hebu tufanye hesabu ya kukisia. Tuseme tuna sekunde 200. Ala zifungue kwa sekunde 30. Ubeti wa mishororo mitatu, pamoja na marudio na kiitikio, uchukue sekunde 30, na ala za kati sekunde 10. Beti nne zitaenea. Ubeti wa tano hauingii hata kwa kusukumwa.

Katika arusi au barazani nani angemhesabia mwimbaji sekunde? Ubeti uliopendwa hurudiwa, anayetuza husubiriwa, ala hutembea zinavyotaka. Kule Bombay hapakuwa na arusi. Kulikuwa na chumba, fundi, na ishara ya kuanza. Kwa hiyo matini tunayoiita "wimbo wa Siti" ni matini ya wimbo kama ulivyokubaliwa na sahani. Nani alichagua beti za kuacha? Zilizoachwa zilisema nini? Wimbo kama "Kijiti", unaotokana na kisa cha mauaji na kesi yake, tumeutumia kama ushahidi wa historia ya jamii ya Unguja, na ni sawa kuutumia. Lakini shahidi huyo alipewa dakika chache kizimbani, na mwanahistoria asiyelitaja hilo hamtendei haki.

Sahani haikupunguza tu. Ilitoa pia, na pengine ilitoa zaidi. Kwa mara ya kwanza maneno ya mwimbaji wa Kiswahili yaliweza kurudiwa yale yale, neno kwa neno, mbele ya watu ambao hawakuwapo, tena wasiojua kusoma. Santuri ya kuzungushwa kwa mkono ilipigwa kwenye mikahawa ya miji ya pwani, na wimbo wa Unguja ukawa na umbo moja Tanga na Mombasa. Wasomi tumezoea kuhesabu usanifishaji wa Kiswahili kuanzia kamati ya mwaka 1930 na vitabu vyake vya shule. Nadhani sahani za santuri zinastahili sura katika historia hiyo, ingawa zilisanifisha sikio wala si tahajia.

Kaseti ilipoenea katika miaka ya 1970 ilivunja masharti yale. Upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ni nusu saa. Fundi aliweza kuiweka mashine arusini na kuiacha izunguke. Ndiyo maana kaseti za Mombasa za kina Juma Bhalo na Zein l'Abdin zina uhai mwingine, na ndiyo maana taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, yenye vinanda vya umeme, iliweza kunyoosha wimbo hadi dakika kumi na zaidi. Wanafunzi wangu wakinakili kaseti hizo hufuta marudio, kwa kudhani ni uchafu. Mara nyingi marudio hayo ni jibu: mtu amesimama kutuza, na mwimbaji anamrudishia mshororo uliomnyanyua.

Ndugu Mwenyekiti, sahani zimebaki chache. Sindano ya chuma ilipaswa kubadilishwa kila upande. Wengi hawakuibadilisha, na kila mchezo ulikwangua mfuo. Kaseti nazo zinashikamana kwa unyevu wa pwani. Tunanakili kutoka nakala za nakala, na kila anayenakili huacha kitu.

Tangu kosa lile, simpokelei mwanafunzi matini ya wimbo isiyo na mambo manne juu ya ukurasa: imetoka kwenye chombo gani, upande upi, imechukua muda gani, na sauti ilikoma au ilikatwa. Alama za mwanafunzi wa kwanza sikuzibadilisha, zilikwisha kupelekwa. Nilimwita, tukausikiliza wimbo pamoja. Alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudishe nyuma, asikie tena pale fidla ilipoanza kukimbia.