Vifaa vya Kujikinga Kazini: Ni Juu ya Nani?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Mtu anapomwajiri mwenziwe kwa kazi ya hatari, je, inamlazimu kumpatia kofia ngumu, glavu na mabuti? Au kibarua akikubali ujira huwa amekubali na hatari yake?

Wanaoukana wajibu huu hushika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba madhara ya machimbo hayana fidia. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277) ameisherehesha kuwa mtu akiajiri wachimbaji, machimbo yakawaangukia wakafa, hana dhamana.

Tunavyoifahamu sisi, hukumu hiyo ni ya ajali isiyo na kosa la mwajiri. Ama palipo na kuvuka mpaka au kuzembea, hukumu hubadilika. Na kabla ya Nawawi, Mawardi (aliyefariki 450 Hijria, sawa na 1058), naye pia ni wa madhehebu ya Shafi, aliandika kuwa muhtasibu awazuie wenye vyombo vya baharini kupakia kupita kiasi na kusafiri katika upepo mkali. Muhtasibu hangoji watu wazame ndipo aulize nani alipe. Huizuia hatari kabla haijafika.

Msingi huu ulidhihirika katika Dola ya Uthmaniya. Mwaka 1869 ilitolewa kanuni ya machimbo iliyomlazimisha mwenye machimbo kuchukua tahadhari dhidi ya ajali, kuweka daktari na dawa, na kumlipa fidia aliyeumia au jamaa za aliyekufa. Mwaka huo huo ilitoka sehemu ya kwanza ya Majalla, iliyokusanya fiqhi ya Kihanafi. Kifungu cha 20 kinaeleza kuwa madhara huondolewa, na cha 87 kuwa mwenye kupata faida ndiye abebaye hasara yake. Ni kweli kwamba kanuni ya machimbo haikutekelezwa ipasavyo, na wachimbaji wa makaa ya mawe wa Ereğli waliendelea kutaabika. Lakini udhaifu wa watekelezaji haubatilishi hukumu.

Katika zama zetu, Tanzania Bara ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003, na Kenya ya mwaka 2007. Zote mbili zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kuwa hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Hili halipingani na fiqhi: faida ya jengo ni ya mwenye jengo, basi na gharama ya usalama ni yake. Anayemkata kibarua ujira ili kulipia glavu ameugeuza msingi huo juu chini.

Wala haitoshi kusema, "Mwenyewe aliridhia." Maskini huridhia kwa shida, na nafsi si mali yake aitoe apendavyo, tuirejee aya ya 195 ya Suratul Baqara.

Ndugu zetu maimamu, kamati za misikiti nazo ni waajiri. Fundi anapopanda mnarani bila mkanda wa usalama, walioulizwa kwanza wawe ni sisi tuliomwajiri. Mwenye kujua wajibu kisha akauacha amezembea, na hadithi ya machimbo haitamkinga.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.