Wimbo mfupi wa kumtoa mtoto kwenye mchezo

Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi, ni mji uliozaliwa na mgodi. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Nyumbani watu wanafuata saa: saa ya kazi, saa ya soko, saa ya masomo. Mtoto wa miaka mitatu hajui saa. Anajua tu kwamba mama amemukatia mchezo. Hapo ndipo kilio kinaanza, na mara nyingi fimbo inafuata.

Wimbo unamupatia mtoto kitu anachoweza kufuata: una mwanzo, na una mwisho. Akiusikia, anajua kinachokuja, na anapata muda wa kuacha mchezo pole pole.

Namna ya kufanya:

- Chagua nyakati mbili ao tatu zenye vita: kuoga, kunawa mbele ya bukari, kulala.
- Kila wakati uwe na wimbo wake, na usibadilishwe. Mistari miwili inatosha, kwa mfano: "Kuya tuoge, maji yanangojea."
- Anza kuimba ukiwa karibu na mtoto, si kwa kupaza sauti toka jikoni.
- Wimbo ukiisha, tendo lianze palepale. Ukiimba kisha ukae, mtoto atazoea kutousikiliza.

Wimbo wa kunawa una kazi zaidi, kwa sababu kolera inarudi mara kwa mara katika Katanga. Mikono isuguliwe na sabuni kwa sekunde 20 hivi, na mtoto hawezi kuhesabu. Basi wimbo uchukue muda huo: mpaka uishe, anasugua. Wa usiku uimbwe kwa sauti ya chini, ukipunguza mwendo.

Lugha ni ile ya nyumbani: Kiswahili, Kibemba, Kisanga ao Kiluba. Hata shuleni, sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa zifundishie pamoja na Kifaransa.

Kama yaya ndiye anabaki na wadogo wakati wazazi wako kazini, afundishwe nyimbo zilezile, maana mtoto anatulia akikuta utaratibu ni mmoja.

Wimbo haumalizi kila kilio. Mtoto mwenye njaa ao homa haimbiwi kwanza: analishwa, ao anapelekwa kwenye kituo cha afya.