Wanawake wawili, udongo wa shamba na dawa ya fangasi

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ninayotaka kuyazungumza leo kwa kawaida hayaui, na nadhani hiyo ndiyo sababu yanafichwa kuliko hata yale yanayoua. Mwenye malaria humwambia jirani, na jirani humletea uji. Mwenye fangasi ukeni hamwambii hata dada yake wa tumbo moja. Atavumilia muwasho kutwa nzima kazini, usiku atakosa usingizi, na akizidiwa atamtuma mtoto duka la dawa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne.

Ndugu msikilizaji, nawe unayeyasoma haya gazetini, naomba radhi kwa wazee walioketi karibu na redio. Lakini uke ni neno safi la Kiswahili, limo katika kamusi, na leo sitalizunguka. Mimi si daktari. Ni mwandishi wa habari, na kazi yangu ni kuuliza jambo limetoka wapi. Kwa hiyo leo nauliza: hiyo dawa anayoletewa mama yule katika mfuko wa karatasi ilitoka wapi?

Kwanza tumjue adui. Wataalamu humwita Candida albicans, nasi tumwite kandida. Jina hilo la Candida lilitolewa mwaka 1923 na mtaalamu wa kike wa Uholanzi, Christine Berkhout, nalo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya weupe. Ni fangasi yule yule anayeleta utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga. Kumwona ukeni si jambo jipya, maana daktari mmoja wa London, J. S. Wilkinson, aliandika habari zake mwaka 1849.

Kandida huishi katika miili ya watu wengi bila kuwadhuru, mdomoni, tumboni na ukeni. Huko ukeni wamo pia bakteria wema wanaomzuia asizidi. Mizani ikiharibika, ndipo anapoongezeka na kuleta muwasho, maumivu, na mara nyingi utoko mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda. Mizani huharibiwa na nini? Mimba ni moja ya sababu. Nyingine ni kisukari kisichodhibitiwa, upungufu wa kinga, na zile dawa za kuua bakteria tunazozimeza kila tukikohoa.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani hukadiria kwamba wanawake 75 katika kila 100 hupata ugonjwa huu angalau mara moja maishani, na kati ya 40 na 45 huupata mara mbili au zaidi. Na lisikike vizuri hili, hasa kwa sisi wanaume: ugonjwa huu kwa kawaida hauhesabiwi katika magonjwa ya zinaa. Unaweza kumpata msichana ambaye hajamjua mwanamume. Mume anayemwona mkewe na fangasi akaanza kuuliza alikuwa wapi, anavunja nyumba kwa kosa ambalo halipo.

Sasa turudi kwenye historia. Kabla ya mwaka 1950 madaktari hawakuwa na dawa ya maana. Walipaka ile dawa ya zambarau ambayo wengi wetu tuliipakwa midomoni utotoni. Ilisaidia kiasi, lakini iliharibu kila nguo iliyoigusa, na mama aliyetibiwa kwa dawa hiyo hakuweza kuuficha ugonjwa wake siku ya kufua.

Kisha ikaja penisilini. Katika miaka ya 1940 dunia ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu watu waliokuwa wafe kwa vidonda na nimonia walipona. Lakini dawa hizo mpya ziliua bakteria bila kuwagusa fangasi. Zikawaua wabaya, zikawaua na wale wema waliokuwa walinzi. Hospitalini likatokea jambo la ajabu: mgonjwa anapona homa ya mapafu, halafu anaota fangasi mdomoni, tumboni au ukeni. Tiba ilikuwa imefungua mlango mwingine.

Hapo ndipo wanapoingia wanawake wawili ambao majina yao ni wachache wanaoyajua. Wa kwanza ni Elizabeth Lee Hazen, aliyezaliwa mwaka 1885 katika jimbo la Mississippi. Aliondokewa na wazazi akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na mjomba na shangazi. Alifundisha shule, akasoma taratibu, na shahada yake ya udaktari wa sayansi aliipata Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1927, akiwa na miaka zaidi ya 40. Wa pili ni Rachel Fuller Brown, aliyezaliwa mwaka 1898 katika jimbo la Massachusetts. Baba yake aliiacha familia. Ada ya chuo ililipwa na mama mmoja tajiri, rafiki ya bibi yake, aliyevutiwa na bidii ya binti huyo. Alipofika Chicago kusomea kemia aliandika tasnifu yake, lakini mtihani wa mdomo ukacheleweshwa hadi fedha zikamwishia. Akaondoka bila shahada kwenda kutafuta kazi, na aliipata miaka 7 baadaye.

Wote wawili walikuwa waajiriwa wa serikali, katika maabara za Idara ya Afya ya Jimbo la New York. Hazen, mtaalamu wa vijidudu, alikuwa katika jiji la New York. Brown, mkemia, alikuwa Albany, umbali wa kilometa 240 hivi. Mwaka 1948 mkuu wao, Gilbert Dalldorf, aliwaunganisha katika kazi moja: watafute kitu kitakachomuua fangasi bila kumuua mgonjwa.

Walitafuta wapi? Udongoni. Siku hizo ilikwishajulikana kwamba udongo umejaa vijidudu vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe kwa sumu zao. Hazen alikuwa na mazoea ya kukusanya udongo. Aliuotesha maabara, akachagua vijidudu vilivyomshinda fangasi, akavitia katika chupa za kioo za mdomo mpana, zile ambazo wenzetu huhifadhia matunda, na kumpelekea Brown kwa posta. Brown alichuja, akatenganisha kilicho na nguvu, akakirudisha, nacho kwa posta. Hazen akakijaribu tena kwa fangasi, halafu kwa wanyama. Mara nyingi kilichomuua fangasi kilimuua na mnyama. Wanatupa, wanaanza upya.

Fikiri, msikilizaji. Hakuna mtandao wa kompyuta, hakuna simu ya mkononi. Ugunduzi mzima ulisafiri ndani ya mifuko ya matarishi.

Udongo uliowafungulia mlango ulitoka Virginia, katika shamba la marafiki wa Hazen, familia ya Nourse, ambako alikuwa amechota mwenyewe. Kijidudu kilichopatikana humo kilipewa jina la familia hiyo, Streptomyces noursei. Mwaka 1950 wanawake hao walitangaza kwamba wamepata dawa ya kumuua fangasi ambayo binadamu anaweza kuistahimili. Waliiita nistatini, kwa heshima ya Jimbo la New York lililokuwa likiwalipa mshahara.

Dawa hiyo inafanyaje kazi? Seli ya fangasi imezungushiwa utando, na ndani ya utando huo kuna aina ya mafuta inayoitwa egosteroli, ambayo sisi wanadamu hatuna. Nistatini huyashika mafuta hayo na kuutoboa utando. Seli huvuja kama ndoo ya bati iliyoliwa na kutu, na fangasi hufa. Tumboni dawa hii hainyonywi kuingia katika damu ila kidogo sana, kwa hiyo hufanya kazi pale pale ilipowekwa. Katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa ikiuzwa na kampuni ya Squibb kwa jina la Mycostatin.

Nimefika kwenye sehemu iliyonifanya nichague habari hii. Nistatini ilileta zaidi ya dola milioni 13 za malipo ya haki ya uvumbuzi. Kwa miaka ile hizo zilikuwa fedha za kununulia majumba. Hazen na Brown hawakuchukua hata senti moja ya malipo hayo. Nusu ilikwenda katika ruzuku za utafiti wa sayansi kwa jumla, na nusu katika mfuko wenye majina yao, uliosomesha na kugharimia watafiti, hasa wa magonjwa ya fangasi. Wao waliendelea na mishahara yao ya serikali. Brown alimlipa yule mama aliyemsomesha. Hazen alifariki mwaka 1975 na Brown mwaka 1980. Mwaka 1994 majina yao yaliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Wavumbuzi la Marekani, wenyewe wakiwa kaburini.

Baada yao wengine waliendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilipata klotrimazoli, na Janssen ya Ubelgiji ikapata mikonazoli. Dawa hizi hazitoboi utando; humzuia fangasi asiyatengeneze yale mafuta tangu mwanzo. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Pfizer huko Sandwich, Uingereza, wakiongozwa na Ken Richardson, walitoa flukonazoli, inayomezwa. Kwa ugonjwa wa kawaida wa ukeni, kidonge kimoja tu cha miligramu 150 hutosha, na dawa za kundi hili huponya wanawake kati ya 80 na 90 katika kila 100 wanaomaliza dozi. Kwa ukeni zimeipita nistatini kwa nguvu.

Lakini flukonazoli ilikuwa mali ya kampuni, na bei yake ikaonyesha hivyo. Afrika Kusini mwaka 2000, wagonjwa wa UKIMWI waliihitaji kwa fangasi wa kooni na kwa homa ya uti wa mgongo, nao hawakuweza kuinunua. Zackie Achmat na wenzake wa shirika la TAC walikwenda kuinunua Thailand kwa sehemu ndogo sana ya bei, wakaiingiza nchini waziwazi kinyume cha sheria ya hataza. Kampeni hiyo waliipa jina la Christopher Moraka, mwenzao aliyefariki mwaka huo huo akiwa ameteswa na fangasi. Kabla mwaka haujaisha Pfizer ilikubali kuitoa bure katika hospitali za umma. Nchini Marekani hataza ilimalizika mwaka 2004, na siku hizi kidonge hicho hutengenezwa na viwanda vingi.

Kwa hiyo dawa ipo. Nistatini, klotrimazoli na flukonazoli zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kilichobaki ni aibu, na aibu ina gharama zake. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia dawa ya fangasi wakiamini wanaujua ugonjwa wao. Walipopimwa, ni theluthi moja tu waliokuwa na fangasi peke yake. Wengine walikuwa na maambukizo ya bakteria, wengine trikomona, na wengine hawakuwa na ugonjwa wowote. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa mwenye kusoma maelezo ya pakiti bila haraka, itakuwaje kwa yule aliyemtuma mtoto na kikaratasi?

Kuna na hatari nyingine. Wapo ndugu wa kandida, kama yule aitwaye glabrata, ambao flukonazoli huwapata kwa shida. Anayemeza kidonge kila mwezi bila kupimwa huenda anamlisha adui huyo sugu. Na jambo la kufurahisha ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo, madaktari hurudi kwa nistatini, dawa ya wale akina mama wawili, kwa siku 14.

Basi nifunge kwa maneno machache ya kuchukua nyumbani. Ukiona dalili kwa mara ya kwanza, nenda ukapimwe. Ukiwa mjamzito, usimeze flukonazoli kwa kujiamulia. Mwambie mkunga au daktari, kwani zipo dawa za kuweka ukeni kwa siku 7 zinazofaa hali hiyo. Ugonjwa ukirudi mara tatu au zaidi katika mwaka mmoja, uliza sababu, na pima sukari. Maliza dozi hata muwasho ukikoma siku ya pili. Usijioshe ndani kwa sabuni wala dawa za kienyeji, kwa sababu unawaondoa wale walinzi wema.

Na wewe baba mwenye nyumba, mkeo akikwambia anahitaji fedha ya kwenda kupimwa, toa fedha, acha maswali.

Hazen na Brown waliandikiana barua na kutumiana chupa kwa miaka kadhaa juu ya ugonjwa ambao wengine waliona haya kuutaja. Walitaja kila kitu kwa jina lake, kwani hawakuwa na njia nyingine ya kukitafutia dawa. Tukutane juma lijalo.