Kaswende kwa wagonjwa wa nje

Kiwango cha kaswende kwa wagonjwa wa nje ni idadi ya watu, katika kila mia wanaofika hospitalini kutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, ambao damu yao ikipimwa inaonyesha dalili za ugonjwa huo. Takwimu hii hupatikana kwa urahisi: watu wako tayari kwenye foleni, na wengi wao wanatolewa damu kwa ajili ya vipimo vingine. Hata hivyo husomwa vibaya mara nyingi, na historia ya Uganda inaonyesha madhara yake.

Jambo la kwanza kuuliza ni nani waliopimwa. Wanaofika kliniki ya magonjwa ya zinaa wamekuja kwa sababu wana vidonda au usaha, kwa hiyo kiwango chao huwa juu. Wajawazito wanaohudhuria kliniki wengi ni wazima, na kiwango chao kinakaribia zaidi kile cha jamii, ingawa hakiwagusi wanaume wala wazee. Kati ya makundi hayo wapo wagonjwa wa kawaida, waliokuja na homa au kikohozi, na hao ndio mara nyingi hawapimwi kabisa. Ni hasara kubwa, maana kaswende hujificha. Bakteria wake, Treponema pallidum, waliotambuliwa Berlin mwaka 1905 na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, huanza kwa kusababisha kidonda kisichouma, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa. Kidonda hupona chenyewe bila dawa. Baadaye huweza kutokea upele, hata viganjani na kwenye nyayo, nao hupotea. Kisha hufuata miaka ya ukimya. Hospitali inayopima wenye vidonda peke yao itawakosa wengi wa wagonjwa wake.

Jambo la pili ni kipimo chenyewe. Katika kipimo cha RPR, mtaalamu wa maabara huweka tone la seramu juu ya kadi nyeupe, akaongeza kimiminika chenye chembe laini za makaa, kisha kadi huzungushwa kwenye mashine kwa dakika 8. Chembe zikishikana na kufanya mabonge meusi, jibu ni chanya. Zikibaki zimetawanyika na kuacha rangi ya kijivu, jibu ni hasi. Lakini kingamwili zinazosababisha mabonge hayo huweza kutokea pia kwa malaria, kwa ukoma, hata kwa ujauzito. Kipimo cha TPHA hutafuta kingamwili dhidi ya bakteria wenyewe, ila kwa kawaida hubaki chanya maisha yote hata mtu akishapona. Vipimo vingi vya haraka vya kutoboa kidole, vikiwemo vinavyopima kaswende pamoja na VVU, ni vya jamii hii ya pili. Kwa sababu hiyo watafiti makini hutumia vyote viwili, na humhesabu mtu kuwa na kaswende hai pale vyote vinapokuwa chanya. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Uganda mwaka 2016–2017 ulionyesha tofauti hiyo waziwazi: takriban asilimia 6 ya watu wazima walikuwa wamewahi kuambukizwa, lakini wenye kaswende hai walikuwa takriban asilimia 2.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachoweza kutenganisha kaswende na buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa unaoletwa na bakteria wa ukoo huohuo na kuambukizwa watoto kwa kugusana, bila ngono yoyote.

Utata huo ndio unaoonekana katika historia ya Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mmisionari Albert Cook, wa hospitali ya Mengo nchini humo iliyoanzishwa mwaka 1897, alikuwa akiripoti kaswende kwa wingi miongoni mwa wagonjwa wake. Serikali ya Uingereza ikamtuma daktari wa jeshi, Kanali Lambkin, ambaye mwaka 1908 alitangaza kwamba ugonjwa ulikuwa umewapata watu wengi ajabu katika Buganda. Kipimo cha damu cha Wassermann kilikuwa kimebuniwa Ujerumani mwaka 1906 tu, hivyo makadirio hayo yaliegemea zaidi macho ya daktari. Lambkin alilaumu mwenendo, na hasa uhuru mpya wa wanawake. Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Mwaka 1956 J. N. P. Davies, mtaalamu wa patholojia aliyefundisha Makerere, aliipitia historia hiyo upya akaeleza kwamba sehemu kubwa ya yaliyoonekana inaelekea ilikuwa maambukizi ya utotoni yasiyotokana na zinaa. Watu wa taifa zima walikuwa wamepewa sifa ya uasherati kwa hesabu ya wagonjwa ambayo hakuna aliyeihakiki, na huo ulikuwa udhalimu.

Hilo halina maana kwamba ugonjwa wenyewe ni mdogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka mkoa wa Mwanza, Tanzania, uliwafuatilia wanawake waliojifungua bila kuwahi kupimwa kaswende katika ujauzito. Kati ya 73 waliokuwa na kaswende hai yenye kingamwili nyingi, 18 walizaa watoto wafu, yaani asilimia 25. Kati ya 233 wasio na maambukizi, waliozaa watoto wafu walikuwa 3. Nusu ya vifo vyote vya watoto tumboni miongoni mwa wanawake hao ambao hawakuwa wamepimwa ilitokana na kaswende ya mama. Katika utafiti mwenza wa mkoa huohuo, wajawazito waliopimwa, wakakutwa nayo na kuchomwa sindano moja ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, hawakuwa na hatari kubwa zaidi ya kupoteza watoto kuliko wanawake ambao hawakuwa na kaswende.