Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka: mambo ya kufanya mbele moteri haijakufa

Ku barabara za mashariki mwa Kongo, gari nyingi zinazobeba watu na mizigo ni za okazio: zilitembea kwanza miaka mingi inchi za inje, kisha zikaletwa huku. Kwa mwenye teksi, moteri ikikufa, pesa ya kulisha jamaa inasimama. Lakini mara nyingi moteri inatoa alama mbele ya kufa: taa nyekundu yenye picha ya kibirika kinachodondosha tone.

Taa ile inasema nini?

Mashofere wengi wanazani inasema tu kwamba mafuta ya moteri yamepunguka. Hapana. Inasema presha ya mafuta imeanguka. Pompi inavuta mafuta toka karteri, ile bakuli ya chini ya moteri, inayapitisha ku filtre, kisha inayasukuma mpaka ku vilebreke na sehemu za juu. Huko mafuta yanajitandaza kati ya chuma na chuma. Presha ikikosekana, chuma inagusa chuma, inapata moto na kukwaruzana.

Kwa gari nyingi, taa inawaka presha ikishafika karibu bar 0,5 ao chini yake. Ni kusema haikuje mapema. Ikiwaka, shida imekwisha kuingia.

Simama kwanza

Shofere anayesema «acha nifike kwanza ku garaji» anaweza kupoteza moteri katika dakika chache. Peleka gari pembeni, simama, kisha zima moteri. Usizime gari ikingali inatelemuka, kama vile ku mlima wa Ngomo kati ya Bukavu na Uvira: moteri ikizimwa, freni zinakuwa ngumu na usukani unakuwa muzito. Weka jiwe ku gurudumu, upande gari inaweza kutelemukia.

Gari ikiwa pahali pa sawa, ngojea dakika 5 mpaka 10 ili mafuta yashuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Mafuta yanapaswa kuwa kati ya alama mbili. Ku gari ndogo nyingi, kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama litre 1. Ongeza kidogo kidogo, usipite alama ya juu, sababu vilebreke itayapiga yatoke povu, na povu haibebe presha.

Kama taa inawaka tu ku kona ao ku mupando, mara nyingi mafuta ni kidogo: yanakimbilia upande moja, na pompi inavuta hewa.

Angalia pia rangi na harufu. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiliwa na maji. Yakinuka esanse ao mazutu, yamechanganyika nayo na kuwa mepesi. Hali hizi mbili hazitengenezwe kwa kuongeza mafuta tu.

Mwisho, chungulia chini ya gari. Huku kwetu mawe yanapiga karteri mara kwa mara. Karteri iliyobonyea inaweza kukandamiza krepini, ile chujio ambayo pompi inavutia mafuta, hata kama hakuna tone linalovuja. Kijiti kitaonyesha mafuta yanatosha, lakini pompi haipate kitu.

Ku garaji: anza na kazi ya bei ndogo

Kama mafuta yanatosha na taa ingali inawaka, usiwashe tena moteri. Gari ivutwe mpaka kwa fundi. Fundi muzuri hafungue moteri siku ya kwanza. Anafuata njia hii:

1. Waya wa mano. Mano ni kile kidude kinachowasha taa. Kontakti ikiwekwa bila kuwasha moteri, fundi anachomoa waya wake. Ku gari nyingi taa inapaswa kuzimika. Isipozimika, waya unagusa bodi pahali fulani.

2. Manometre. Fundi anatoa mano na kufunga manometre pahali pake, anawasha moteri kwa muda mufupi na kusoma, kwanza ikiwa baridi. Kama sindano haipande, anazima palepale. Ikipanda, anaacha moteri ipate moto na kusoma tena. Kila moteri ina hesabu zake katika kitabu chake, lakini kwa nyingi zenye moto, ralanti inatoa kama bar 1, na ku mizunguko 3000 bar 3 ao zaidi. Presha ikiwa nzuri, mano ndiyo imekufa, na hiyo ni ya bei ndogo.

3. Mafuta na filtre. Filtre iliyoziba ao mafuta mepesi kupita yale moteri inaomba yanashusha presha. Nunua bidoni yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa.

4. Krepini na pompi. Presha ikiwa chini baridi na moto, fundi anashusha karteri: anasafisha matope meusi ku krepini na kupima pompi.

5. Kusine. Presha nzuri asubui, mbaya moteri ikipata moto, na sauti ya kugonga toka chini: mara nyingi kusine za vilebreke zimekwisha. Hapo ni kufungua moteri.

Ujanja wa kuepuka

Kuna wanaotia mafuta mazito sana ili taa izimike. Presha inapanda kidogo, lakini kusine zilizokwisha hazirudi. Wengine wanakata waya wa taa mbele ya kuuza gari. Kwa hiyo, ukienda kununua, weka kontakti bila kuwasha moteri: taa ya mafuta lazima iwake. Kisha washa: inapaswa kuzimika katika sekunde chache. Kama haikuwaka hata kidogo, uliza juu ya nini mbele ya kutoa pesa. Omba pia gari itembee mpaka moteri ipate moto, na uangalie tena taa ikiwa ku ralanti.

Kwa mwenye gari ya kazi, kuchomoa kijiti kila asubui kunachukua dakika 2. Mafuta na filtre vibadilishwe pamoja, na kilometa ziandikwe ku karatasi inayobaki ndani ya gari, ili hata shofere mugeni ajue.