Mzee Anayesahau Hawangi: Tuijue Demenshia

Hapa kwetu Pwani tuna majina mengi ya mzee aliyeanza kusahau. Tunasema uzee umemwingia, amerudi utotoni, amechezewa, ana jini au, kwa sauti ya chini, anawanga. Jina ambalo ni nadra kulisikia barazani ni lile la daktari: demenshia. Wiki hii nimeona niliandikie, kwa sababu katika kaunti zetu, hasa Kilifi na Kwale, jina analobandikwa mzee laweza kuamua kama atazeeka salama au atauawa kwa panga.

Demenshia si ugonjwa mmoja. Ni hali inayoletwa na maradhi tofauti yanayoharibu ubongo, mpaka kumbukumbu, lugha, maamuzi na hata tabia ya mtu zikabadilika asiweze kujimudu. Yanayoongoza ni Alzheimer, yaliyopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeyaeleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema huenda yanachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Mengine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na haya yanatuhusu sana sisi ambao presha na sukari zimetujalia majumbani. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2021 dunia ilikuwa na wagonjwa milioni 57, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Kusahau ulikoweka miwani ni jambo la kawaida, hata kwangu mimi wa miaka arobaini na kitu. Kuishika miwani ukawa hujui ni ya kazi gani, hiyo ni dalili. Mama aliyepika pilau tangu usichana wake sasa hajui aanze na kitunguu au mchele. Mzee anapotea njia ya msikiti aliouswalia maisha yake yote.

Kuna dalili mbili zinazotuponza zaidi. Ya kwanza ni ya jioni. Jua likianza kuzama, wagonjwa wengi huingiwa na wasiwasi, hulia, hutaka kurudi kwao ilhali wako kwao. Madaktari wanaijua hali hii vizuri. Lakini kwetu Magharibi ndiyo saa ya kuwaingiza watoto ndani, basi moja kwa moja tunasema ni mashetani. Washa taa mapema, punguza kelele na televisheni, mkalishe na mtu anayemzoea, na utaona mara nyingi anatulia.

Ya pili ni ya usiku. Mgonjwa huchanganya usiku na mchana, akatoka saa nane za usiku, pengine bila nguo, asijue amesimama mlangoni kwa nani. Jirani akimkuta hapo, kesi imekwisha. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa makimbilio ya wazee waliotuhumiwa uchawi. Sisemi wote wana demenshia. Wengine kosa lao ni mvi na shamba ambalo watoto wamechoka kulisubiri. Lakini mzee mwenye maradhi haya ni rahisi kumsingizia, maana hata kujitetea hawezi.

Waislamu wenzangu hawana haja ya kwenda mbali. Suratun-Nahl, aya ya 70, inataja umri dhalili ambao mtu hufikishwa asijue kitu baada ya kuwa alijua. Uchawi haukutajwa hapo. Simzuii mtu kumsomea mzazi wake, kisomo kina kheri yake, ila kisomo na hospitali havigombani. Tena hospitali ina faida ya haraka: si kila anayesahau ana demenshia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyolegea, huzuni nzito au dawa anazomeza vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na vina matibabu. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, apelekwe upesi. Huenda ni maambukizi ya mkojo tu.

Demenshia nyingi hazina dawa ya kuziponya. Kilichobaki ni malezi, na hapa ndipo penye kazi. Mama yangu mkubwa alikuwa akimuulizia mumewe kila siku, naye alifariki zamani. Wageni wakimwambia ukweli, msiba ulianza upya, anajipiga vifua kama aliyepata habari leo. Binti yake akawa anamjibu kwa swali: "Mama, baba alikuwa akipenda chakula gani?" Hapo atazungumza mpaka atabasamu. Kubishana na mgonjwa hakusaidii. Akisema msichana wa kazi amemuibia bangili, tafuta naye. Aghlabu utazikuta ndani ya gunia la mchele. Msichana naye aelezwe mapema, asije akaondoka na jina la mwizi.

Yaliyoingia mwilini zamani hukawia kutoka. Mama mkubwa alisahau majina yetu, lakini mikono yake ilisuka ukili bila kukosea. Mpe mgonjwa kazi kama hiyo. Kwenye mfuko wa kanzu au pindo la leso weka nambari yako ya simu, na waambie waziwazi majirani, vijana wa bodaboda na muadhini kwamba mzee wetu ni mgonjwa. Kumficha ndiko kunakozaa uvumi.

Mzigo huu kwetu hutupiwa binti mmoja, kwa kawaida aliyeachika au ambaye hajaolewa. Kaka zake walioko Dubai hutuma pesa na kupiga simu Ijumaa. Pesa zinahitajika, ndiyo, lakini pesa hazikeshi. Wapangiane zamu, hata siku mbili kwa wiki, binti alale. Mlezi aliyechoka ndiye anayekimbilia duka la dawa kununua vidonge vya usingizi bila daktari, na vidonge hivyo humzidishia mzee kuchanganyikiwa na kumwangusha.

La mwisho ni mali. Wasia na hati za shamba vishughulikiwe mapema, mzee angali anaelewa anachotia sahihi, mbele ya wakili na watoto wote. Akishapoteza akili, kuna njia ya kuiomba mahakama iteue msimamizi wa mali yake. Kumshika mkono usiku na kumbonyeza kidole gumba kwenye karatasi si njia, na karatasi hiyo hupingwa mahakamani.